Ukurasa wa Siku ya Thelathini na Tatu

Alikuja na karatasi mkononi, akafunga mlango nyuma yake polepole, nami nikajua papo hapo kwamba ameshausoma ukurasa.

Wanaume wengine wakiumia hubamiza milango. Huyu wangu hufunga mlango kama vile chumbani kuna mtoto aliyelala, na hilo ndilo huniogopesha.

"Nahodha," akasema.

"Fundi."

Hakunikaribia. Tulikuwa ndani ya chumba cha matanga cha klabu, chumba kirefu chembamba ambamo matanga hutundikwa yakauke, na lililoning'inia kati yetu lilikuwa langu mwenyewe, jeupe, lenye kiraka alichokishona yeye kwa cherehani ileile anayoshonea makochi. Alilisogeza kwa kiwiko ili anione. Alikuwa amevaa shati jipya, lakini nyuzi za karakana zilikuwa bado zimemng'ang'ania nyweleni. Siku nyingine ningezitoa moja moja. Siku hiyo mikono yangu ilibaki kwenye kifungo cha gauni.

"Unajua wamechagua ukurasa gani?"

"Sijui. Mwenye daftari haambiwi."

"Siku ya thelathini na tatu."

Nikakiacha kifungo.

Ilikuwa saa tisa mchana. Saa kumi kamili nilitakiwa ukumbini kupokea Kikombe cha Bahari Kuu, tuzo ya mabaharia wa ridhaa, yaani watu wenye kazi zao nyingine kabisa, wanaovuka bahari kwa sababu wanaipenda tu. Aliyekipata mwaka uliotangulia alikuwa mwoka mikate. Kabla yake, karani wa posta. Mimi hutengeneza meno ya bandia. Nilichukua likizo bila malipo, nikapanda mashua ya mita tisa, nikakaa humo peke yangu siku hamsini na nane mpaka nilipoiona nchi ya ng'ambo.

Sasa, klabu yetu ina kanuni moja ambayo wageni huicheka mpaka iwafike. Anayewania kikombe hupeleka daftari lake lote la safari, limeandikwa kwa wino, halijachanwa ukurasa wala kufutwa mstari. Waamuzi hulisoma lote, kisha huchagua ukurasa mmoja usomwe mbele ya watu. Hausomwi na baharia mwenyewe, kwa kuwa baharia akisoma habari zake, wimbi la gotini hufika dirisha la ghorofa ya pili. Husomwa na mtu wa nchi kavu anayemhusu baharia, naye hupewa karatasi saa moja tu kabla ya wakati. Nilipoulizwa nani atanisomea, nilimtaja Fundi bila kusita.

"Mstari wa tano," akasema. "Niusome, au unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Acha niusome. Saa kumi nitausoma mbele ya watu mia na ishirini, akiwemo mama yangu. Nifanye mazoezi." Akaiinua karatasi. Sauti yake, ambayo siku zote ina kicheko kilichojificha kwa chini, ilitoka kavu. "'Leo nimegundua kwamba sijamkumbuka Fundi tangu juzi asubuhi.'"

"Ni kweli," nikasema.

"Najua ni kweli. Wewe hujui kusema uongo. Ndiyo maana inauma."

"Fundi."

"Subiri nimalize. Mimi kila alfajiri nilikuwa nakuja hapa kabla sijafungua karakana. Kila alfajiri, Nahodha. Katibu anapokea habari zako redioni, mimi nachomeka pini kwenye ramani. Wenzangu wakanicheka, wakasema mchumba wangu ameolewa na samaki. Nikawa nashona makochi ya watu kombo. Kuna mzee nilimrudishia kochi lenye miguu mitatu."

"Hilo la kochi hukuniambia."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi."

"Unanichekesha, na sitaki kucheka." Akageuza uso. Niliona shavu lake likicheza, kisha likatulia. "Ulikuwa na homa? Niambie ulikuwa na homa. Mtu akiwa na homa husahau hata mama yake."

Alikuwa ananifungulia mlango, masikini. Ningeupita mlango huo, tungekumbatiana hapo hapo katikati ya matanga mabichi, na mambo yangekwisha. Nilimtazama yale macho yake mapana, yenye kope ndefu ambazo dada zake humwonea wivu, nikatamani kuwa mwongo kwa dakika moja.

"Sikuwa na homa," nikasema. "Nilikuwa mzima kuliko nilivyowahi kuwa."

Akashusha pumzi. "Basi ukatae ukurasa. Kanuni inakuruhusu kukataa."

"Inaniruhusu. Na anayekataa ukurasa, kikombe kinabaki kabatini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siukatai."

"Yaani umechagua kikombe."

"Usiniwekee mzani, Fundi. Kikombe si mwanamume mwenzako." Nilisogeza tanga, nikapita upande wake. Nilipokuwa karibu hivyo nilisikia harufu ya gundi ya ngozi, ile isiyotoka hata aoge mara tatu, na moyo ukanipiga kwa namna ambayo haikuhusiana kabisa na ugomvi. "Ukurasa ungekuwa wa uongo, ningeuchana mbele yako. Lakini niliyaishi yale. Nikiyakana leo kwa sababu mama yako amekaa safu ya pili, kesho nitakana nini? Nitaingia nyumbani kwako nimebaki nusu, halafu siku moja utaniuliza yule mwanamke uliyempenda amekwenda wapi."

Aliusoma tena mstari wa tano, kana kwamba ungeweza kubadilika.

"Kesho yake uliandika nini?" akauliza, safari hii kwa upole. "Siku ya thelathini na nne. Kama kesho yake ulinikumbuka, niambie. Nikijua hilo, huu nitaweza kuusoma."

Nilijua vizuri nilichoandika kesho yake. Kurasa mbili na nusu, na yeye yumo katika zote. Sentensi moja tu ingemtuliza. Ulimi uliniwasha.

"Sikwambii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu utausamehe huu kwa ajili ya ule. Na huu haukukosea kitu, Fundi. Nilikuwa na furaha. Furaha haiombewi msamaha."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijapata kutazamwa vile tena, kama mtu anayepima kitambaa ambacho anajua hakitamtosha na bado anakitaka. Kisha akaiweka karatasi juu ya benchi, taratibu, akainyoosha kwa kiganja.

"Lile swali nililokuuliza kabla hujang'oa nanga," akasema, "lihesabu sikuliuliza."

Akatoka, akaufunga mlango kama vile ndani mna mtoto.

Lile swali. Alikuwa ameniuliza kama nitaolewa naye, nami nikamwambia nitamjibu safari yangu ikiisha, na safari ya baharia haiishi mpaka daftari lisomwe. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni siku hiyo. Sasa nilibaki nalo kama mtu aliyeandaa meza, wageni wasifike.

Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, akaingia akihema.

"Kuna nini humu? Nimempita mchumba wako mlangoni ana uso wa mtu aliyemeza sindano."

Nikampa karatasi. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akairudisha. "Miwani nimeiacha nyumbani. Nieleze."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akinifunga kile kifungo kilichonishinda.

"Kampake mafuta kidogo," akasema. "Mwanamume ni kama mlango uliovimba. Mafuta kidogo tu, unafunguka."

"Siendi."

"Mwanangu, mama yake mwenyewe hakutaki. Ukimpoteza na mwanawe, nani atabaki upande wako?"

"Mimi."

Shangazi akanigeuza, akanitazama, akatikisa kichwa. Lakini niliona anajizuia asitabasamu. "Kiburi hicho umekitoa kwangu," akasema. "Haya, twende."

Ni kweli mama yake Fundi alikuwa hanitaki, tena hakunificha. Alikuwa metroni wa hospitali miaka mingi, na mpaka leo, ingawa amestaafu, watu humwita Metroni, hata watoto wake. Wiki mbili baada ya kurudi kwangu alinialika chai, akanikalisha, akanimiminia, akasubiri mpaka nimejaza mdomo biskuti ndipo akauliza: "Binti, mwanamke anayeweza kukaa peke yake siku hamsini na nane, mume anamtafutia nini?" Nilitafuna biskuti ile mpaka ikawa maji.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vilipangwa safu kumi, meza ya mbele imefunikwa kitambaa cha buluu, na juu yake kikombe, kirefu, cha fedha iliyofifia, kimechongwa majina ya watu wenye kazi zao. Katibu wa klabu, mwanamume mwembamba anayependa kanuni kuliko chakula, alinipa mkono, akanikalisha mbele. Nilitupa jicho nyuma. Metroni alikuwa safu ya pili, kilemba kimenyooka, mkoba magotini. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Katibu akasoma jina la mashua, akataja umbali na idadi ya siku. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Tunamwita mtu wa nchi kavu aje atusomee."

Hakuna aliyeinuka.

"Mtu wa nchi kavu," Katibu akarudia, akakitazama kile kiti kitupu. "Kanuni inasema ukurasa usiposomwa, kikombe kinarudi kabatini."

Minong'ono ikaanza. Nilikaa wima. Nilikuwa nimevuka dhoruba tatu na usiku mmoja ambao meli ya mizigo nusura inipande mgongoni, na sikumbuki kiti kilichokuwa kigumu kama kile. Lakini sikuinamisha kichwa. Hapo Shangazi akasimama, karatasi mkononi.

"Ningesoma mimi," akatangaza, "ila sina miwani. Kama kuna mwenye miwani ya kusomea, iwe yenye nguvu."

Watu wakacheka. Miwani mitatu ikapitishwa, akaijaribu yote, na yote ikamkataa. Alikuwa anairudisha ya tatu nilipoona kile kilemba kikiinuka.

"Lete," Metroni akasema.

Katibu akababaika. "Mama, kanuni inataka mtu wa nchi kavu anayemhusu baharia."

"Mimi sijapanda hata pantoni. Na huyu ananihusu, nipende nisipende."

Akaja mbele kwa mwendo wake wa wodini, ule wa viatu visivyolia. Akaipokea karatasi, akavaa miwani yake, akakisukuma kipaza sauti pembeni kwa sababu hakukihitaji. Hakujua kilichoandikwa. Nilitaka kumwonya, kisha nikaacha. Nilichokataa kumficha mwanawe, nisingemficha yeye.

Akasoma kama anayesoma cheti cha mgonjwa, bila kupamba:

"'Siku ya thelathini na tatu. Upepo wa nyuma, wa bega la kulia. Nimekula viazi viwili na kitunguu. Nimefua shati, nikalianika kwenye kamba ya tanga dogo. Leo nimegundua kwamba sijamkumbuka Fundi...'"

Akanyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa unamjua Fundi ni nani. Metroni aliangalia juu ya miwani, si kwangu, bali kule mlangoni, nami nikageuka. Alikuwapo. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama ameegemea fremu ya mlango, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Metroni akarudi kwenye karatasi.

"'...sijamkumbuka Fundi tangu juzi asubuhi. Wala Shangazi, wala kazini, wala mtu yeyote. Nimejaribu kujionea haya, nimeshindwa. Nina furaha. Siijui furaha hii imetoka wapi, maana hakuna aliyeniletea. Bahari ni tupu mpaka inapokutana na mbingu na mimi nimo katikati, nakula kitunguu. Ikiwa sitafika, msinililie sana. Niliwahi kuwa hivi.'"

Akamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Metroni alikuwa bado anaitazama karatasi. Mdomo wake ulitembea bila sauti, akiurudia mstari mmoja, sijui upi. Kisha akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

"Metroni," Katibu akanong'ona, "hiyo ni ya maktaba."

"Maktaba ina daftari zima," akasema, akarudi kuketi.

Ndipo makofi yalipoanza. Yalianzia safu ya nyuma, kwa wale mabaharia wenyewe, yule mwoka mikate na wenzake, watu waliokaa peke yao na kitunguu. Nilikipokea kikombe. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nilisema ahsante, nikamshukuru aliyeshona tanga, nikaketi.

Baadaye, wakati wa chai, Metroni alinijia pale kwenye kona ya birika. Hakunipongeza.

"Siku tatu," akasema.

"Siku tatu, mama."

"Hukumkumbuka hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na mimi, ulinikumbuka?"

"Wewe nilikukumbuka siku ya kumi na nane. Upepo ulikuwa unagomba."

Nilidhani nimevuka mpaka. Metroni akanikazia macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka kimyakimya, mkono mdomoni, mpaka akalazimika kuweka kikombe chake cha chai chini.

"Nikwambie kitu," akasema alipotulia, akapunguza sauti. "Baba yao alipokuwa hai, na hawa wanangu wanne wakiwa wadogo, kabla ya kurudi nyumbani kutoka zamu nilikuwa najifungia stoo ya mashuka. Dakika kumi. Nakaa juu ya mafurushi, sifanyi kitu. Si kwamba nilimchoka mume wangu. Nilitaka tu nisikie pumzi yangu. Nikitoka humo nilikuwa nampenda mpaka naona aibu." Akajifuta jicho kwa kidole kimoja. "Sikuwahi kumwambia. Nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu. Wewe umeuandika kwa wino, ukaacha usomwe."

"Mama, lile swali uliloniuliza siku ile ya biskuti..."

"Liache. Mume hatafutwi kwa sababu ya uhaba."

Aliinua kichwa, akamwita mwanawe kwa jicho tu, kama alivyokuwa akiwaita manesi. Fundi akaja. Alisimama mbele yangu, mikono haijui pa kukaa.

"Nilishindwa kukusomea," akasema. "Nilikosea."

"Ulikosea."

"Niliposikia kwa sauti ya mama, nilikuwa nasubiri mahali uliponitukana. Nikasubiri mpaka mwisho. Sikupaona."

"Hapakuwapo."

"Nimeona sasa." Akatazama viatu vyake, kisha akanitazama mimi. "Na lile swali nililolifuta..."

"Liache limefutika. Zamu hii nauliza mimi." Niliweka kikombe cha tuzo mezani, kando ya birika, ili niwe na mikono yote miwili. "Fundi, naweza kuishi bila wewe. Nimeshajaribu, na niliweza, tena vizuri. Kwa hiyo hiki ninachokuomba si shida, ni hiari. Nataka kuishi na wewe. Utanioa?"

Alinyoosha mkono, akanigusa kiwiko kwa ncha za vidole, pale pale mbele ya mama yake, na mwili wangu wote ukahamia kwenye kiwiko.

"Na utakwenda tena?"

"Nitakwenda."

"Siku ngapi?"

"Safari ijayo, kama tisini."

"Na katika hizo tisini, utanisahau ngapi?"

Nilifikiri kwa uaminifu, maana alistahili jibu la kweli. "Labda sita."

"Sita ni nyingi, Nahodha. Nikuachie nne."

"Siwezi kukuahidi nne."

"Nne na nusu. Nusu uniwaze mchana."

"We mtoto," Metroni akasema, akijimiminia chai ya pili, "mwachie mwenzako sita zake, usiwe bahili."

Fundi akaniangalia, na kile kicheko cha kwa chini kikarudi sautini mwake.

Akaniachia sita.